Vidonge Nilivyomnyima Binti Yangu

Daktari wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, alimuuliza binti yangu maswali, nikayajibu mimi. Ndivyo tulivyo kina mama wa huku kwetu. Mtoto hata akifika miaka kumi na tisa, akiulizwa na daktari anaumwa wapi, mama ndiye hujibu. Binti yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, na miguu yake mirefu ilikuwa ikining'inia. Ana pumu? Hana. Amewahi kupasuliwa? Hajawahi. Kuna dawa yoyote anayotumia mara kwa mara, hata ya kienyeji, hata ya kununua dukani, labda steroidi? Hapo nilicheka, nikamwambia daktari kwamba huyu hata tembe ya kichwa hamezi mpaka ashikiwe fimbo. Binti yangu alinitazama, kisha akaangalia vidole vyake vya miguu. Daktari alitia alama kwenye fomu yake akaenda kitanda cha pili.

Nilicheka kwa woga. Chini ya kaunta ya duka langu kulikuwa na kopo zima la steroidi.

Duka lenyewe lilikuwa katika mtaa uitwao Tena, duka la vipodozi: wigi, losheni, kucha za kubandika, mafuta ya nywele. Lakini kilichonijulisha kwa watu hadi Buruburu ni vidonge vya kunenepesha. Wapo walionijia kwa sababu ya harusi. Wapo waliochoka kuambiwa kanisani kwamba wameisha. Na wengi walianza kumiminika mwezi wa kumi, kwa maana Desemba wangepanda basi kwenda ushago, kijijini, na mwanamke akishuka nyumbani kwa wakwe akiwa amekonda, maswali huanza kabla hajaweka mzigo chini. Watu wa magharibi mwa nchi ndio wakali zaidi kwa hilo, ingawa sisi wa Murang'a hatuna la kujivunia. Kila mmoja alitaka mashavu yake yaonekane kwanza, salamu zifuate.

Vidonge vilikuja katika makopo makubwa kutoka kwa mtu mmoja wa mjini. Mimi nilivigawa katika vipakiti vya plastiki, nikatia na vitamini za rangi ya chungwa ili vipendeze macho. Viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya chakula. Siwezi kusema sikujua ni nini. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye kopo, na siku moja nililitafuta kwenye simu, nikasoma nusu ya nilichokipata, nikafunga. Nilijua pia kutokana na niliyoyaona. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, uso wake ulikuwa umejaa na kung'aa, mgongo umetokeza kinundu chini ya shingo, na miguu imebaki miembamba. Aliniambia akikosa vidonge siku mbili anaishiwa na nguvu kabisa, hata kuinua chaki ni kazi. Nilimwambia ni mwili tu umezoea. Nikamuuzia pakiti nyingine.

Lakini nyumbani kwangu sheria ilikuwa moja. Binti yangu alipoanza kunisaidia dukani baada ya kumaliza kidato cha nne, nilimwonyesha lile kopo na kumwambia kwamba hicho ni cha wateja, sisi hatukigusi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Alikuwa mtoto wa koo tangu utotoni. Mafindofindo yake yalikuwa yakivimba kila muhula, akashindwa kumeza hata mate, na akirudi kutoka shule ya bweni nilimpokea mifupa. Marehemu mama yangu alitaka tumpeleke kwa mzee fulani akamkate kimio, nikakataa, tukanuniana karibu mwaka mzima. Shuleni walimpachika majina ambayo hakuwahi kuniambia yote. Kisha alipomaliza mitihani na kukaa nyumbani, mwili ukaanza kurudi. Uso ulinenepa, mikono ikajaa, akawa anakula asubuhi chakula cha fundi wa mjengo. Nilimshukuru Mungu na nikalishukuru parachichi. Wateja walipouliza kama huyu mrembo ni wangu na kama naye anatumia, nilitabasamu tu, sikukubali wala kukanusha, kwa sababu tabasamu lile lilifanya kazi. Chunusi zilipomjaa mgongoni nilisema ni umri. Kweli nyani haoni kundule.

Koo nalo lilitulia miezi kadhaa, kisha likarudi kwa hasira, na usaha juu yake. Daktari wa koo alitazama kwa tochi, akasema mafindofindo haya yatoke.

Huyo daktari alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kuchora picha kwenye karatasi kila anapoeleza. Alituambia kwamba mtoto mdogo akitolewa mafindofindo hupona akicheza, lakini mtu mzima huumia sana, wiki mbili nzima. Ndiyo maana angempa steroidi kidogo. Sindano moja akiwa amelala kwenye chumba cha upasuaji, ili asitapike sana na koo lisivimbe, na baadaye vidonge vya siku chache nyumbani. Nilimuuliza kama ni lazima. Akasema ni siku chache, mama, si miezi. Hayo uliyoyasikia huwapata wanaotumia kwa muda mrefu bila daktari. Mimi sikuwa nimemwambia nimesikia nini.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la koridoni nikiomba. Niliomba vibaya, kwa mafungu, nikirukia huku na huku. Nilimwambia Mungu kwamba kama kuna hesabu kati yangu na yeye, aniitishe mimi, asimguse mtoto. Walipomtoa akiwa na midomo mikavu na matone ya damu kwenye shavu, nilimkimbilia, muuguzi akanishika mkono.

Kesho yake alinishangaza. Aliamka, akaomba barafu, akaomba aiskrimu, akaongea kwa sauti ya puani lakini akaongea. Muuguzi alisema ile sindano bado inamsaidia. Mimi nilijiambia kwamba mtoto wangu ni shujaa, na kwamba madaktari hupenda kutisha watu. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani Komarock.

Dawa nilizipokea kwenye dirisha la famasia: chupa mbili za dawa ya maumivu, na pakiti moja ndogo ya vidonge. Nilipofika nyumbani nilivimimina kiganjani, nikasimama navyo jikoni. Vidogo, vyeupe, na mstari katikati. Mkono wangu ulivitambua kabla ya macho. Nilikuwa nimevihesabu miaka minne, maelfu kwa maelfu, nikijua uzito wake kidoleni. Na pale jikoni nilimwona yule mwalimu wa chekechea, ule uso na kile kinundu, isipokuwa mwili ulikuwa wa binti yangu. Niliingia chooni, nikavimwaga vyote, nikavuta maji.

Jioni binti yangu aliniuliza zile ndogo ziko wapi. Nilimwambia daktari amesema si lazima. Alinitazama muda mrefu kidogo, maana yeye mwenyewe alikuwepo daktari alipoeleza. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni maumivu.

Siku zilizofuata nililinda damu. Muuguzi alikuwa amenionya kwamba nikiona damu mbichi nisingoje, nikimbie hospitali, kwa hiyo nilinunua beseni jeupe, nikaliweka karibu na dirisha penye mwanga, na kila alipotema mate nililiinamia. Nilimfungulisha mdomo asubuhi, mchana na jioni. Ndani kulikuwa na utando mweupe na harufu mbaya, mambo ambayo nilikuwa nimeambiwa niyatarajie, lakini damu hapakuwa. Nilifurahi. Nilikuwa nimesimama mlango wa mbele na rungu, na mwizi alishaingia kwa nyuma.

Siku ya tatu alianza kutapika uji. Alisema masikio yanauma, kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu. Hakutaka kukaa, alitaka kulala tu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimgombeza. Nilimwambia watu wote duniani hutolewa mafindofindo na hawajifanyi maiti. Nilimwambia ajikaze, anywe maji, aache kudeka. Akageukia ukuta. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja anayeendesha teksi, aliingia kumjulia hali. Alitoka akaniita kando, akaniambia hapendi rangi ya huyu mtoto. Nilimwambia ni njaa.

Jumamosi karibu saa nne asubuhi aliamka kwenda bafuni. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilimkuta sakafuni, macho wazi, ngozi imelowa na baridi, na maji ya ndoo yakimpita chini ya mgongo. Nilimwita. Alinitazama kwa adabu kama mtu asiyenijua, akaniuliza kama kengele ya darasa imeshapigwa.

Sijawahi kuogopa hivyo kabla wala baada ya siku ile. Nilipiga kelele kumwita jirani, akaja na ufunguo wa gari mkononi bila kuuliza. Tulimbeba wawili. Barabara ya Kangundo ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi, na jirani yangu, ambaye siku zote huendesha kama mke wa mchungaji, alipanda kando ya barabara na kupiga honi njia nzima. Nilikuwa nyuma nimempakata kichwa. Nilimfungua mdomo, nikaangalia tena damu. Hakuna. Nilianza kulia kwa sababu ya kutokuwepo kwa damu, kwa maana sasa sikujua nilichokuwa nakiogopa.

Hospitalini walimlaza, wakamtia dripu, wakampima. Presha ilikuwa chini sana, na sukari pia. Daktari wa zamu alikuwa kijana aliyekunja mikono ya shati, na aliniuliza haraka haraka. Alipasuliwa lini? Anakula? Ana homa? Kuna dawa nyingine? Nilisema ni za maumivu tu. Akafungua faili, akaniuliza kuhusu vile vidonge vya steroidi alivyoandikiwa, kama amevimeza vyote.

Nikasema ndiyo.

Mpaka leo huwa nalirudia jibu hilo. Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimezoea kujibu maswali ya dawa kwa uso mkavu, na mdomo wangu haukuniuliza. Daktari aliitikia kwa kichwa, akasema basi huenda ni sumu ya vidonda imeingia kwenye damu, akaagiza dawa za kuua vijidudu na dripu nyingine. Ikaingia. Ikaisha. Mashine ya presha ikafunga mkono wa mtoto wangu na kuuachia, na namba ilikuwa ileile. Nilimwona daktari akitazama namba ile na kukunja uso, kisha akaondoka kwenda kumpigia simu mkubwa wake.

Nikabaki naye peke yangu, pazia limefungwa. Niliinama nikamfuta paji la uso. Midomo ilisogea. Nikaweka sikio.

"Mathe, waambie zile za duka," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na kila neno lilimkunja uso. "Nimekuwa nikimeza tangu nimalize shule. Niliacha tukikuja huku. Nilidhani zile za daktari zitanishikilia."

Nilisikia maneno moja moja, na kila moja lilifika. Mashavu niliyomshukuru Mungu kwayo. Chunusi. Hamu ya kula. Yale macho yaliyoangalia vidole vya miguu nilipokuwa nikicheka na daktari wa usingizi. Alikuwa amemeza vidonge vyangu karibu mwaka mzima, kisha akaviacha ghafla kabla ya kisu, na vile ambavyo vingemwokoa nilikuwa nimevivutia maji chooni kwa mkono wangu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni nikadhani ni la watu wengine.

Nitasema ukweli wote. Kwa muda mfupi, labda pumzi tatu, nilisimama pale nikifikiria jinsi ya kusema bila kujitaja. Ningeweza kusema amevipata kwa rafiki. Ningeweza kusema sijui alivitoa wapi. Nilimwona polisi akivunja kufuli la duka, nikawaona wanawake wa kanisa langu, nikaona picha yangu kwenye kundi la wasap la mtaa. Kisha mashine ikabana tena mkono wake, na safari hii namba ilikuwa imeshuka.

Nilimkuta daktari kwenye meza ya wauguzi, simu sikioni. Nilimshika mkono wa shati mbele ya watu wote.

"Daktari, nimekudanganya. Vile vidonge hajameza hata kimoja, nilivitupa. Na kuna vingine amekuwa akimeza karibu mwaka, vya kunenepa, steroidi hizo hizo. Mimi ndiye ninayeviuza."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliweka simu chini, akaniuliza kidonge kina nguvu kiasi gani, nikasema sijui. Akaniuliza alikuwa akimeza vingapi. Hilo nililijua, maana ndivyo nilivyowaelekeza wote: viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya chakula. Aliliandika kama nilivyolisema. Kisha aligeuka, akamwambia muuguzi jina la sindano, na wote wawili wakaenda mbio.

Ilichukua muda. Nilisimama mguuni mwa kitanda nimeshika chuma chake, nikitazama namba. Niliogopa kupepesa macho. Sindano iliingia kwenye mshipa, ikafuatwa na maji ya sukari, na mashine ikabana na kuachia, ikabana na kuachia, na namba zikaanza kupanda polepole, kwanza nikidhani ni macho yangu. Mchana ulipogeuka alifungua macho vizuri, akanitazama, akanijua. Aliomba uji. Nilitoka nje ya pazia nikakaa sakafuni.

Daktari wa koo alikuja mwenyewe baadaye, na karatasi yake ya kuchora. Alichora figo mbili, na juu ya kila moja akachora kitu kidogo kilichokaa kama kofia. Alisema tezi hizi hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ile inayotushika tusianguke tukiumwa au tukipasuliwa. Mtu akimeza za dukani miezi mingi, tezi hulala, kwa kuwa kazi inafanywa na mwingine. Akiacha ghafla, hakuna anayefanya kazi. Sasa itabidi binti yangu ameze kidonge kila asubuhi, kipunguzwe kidogo kidogo kwa miezi, mpaka tezi ziamke. Asikose hata siku moja. Akitapika kidonge, aje hospitali. Kosa moja tu, akasema, na tutarudi palepale pa Jumamosi.

Kisha akaikunja karatasi, akaniuliza wateja wangu ni wangapi. Nilisema sijui hasa. Alisema niwaambie wote, na niwaambie vizuri: wasiendelee kumeza kiholela, lakini pia wasiache ghafla, waende hospitali wakaachishwe kwa utaratibu. Niliahidi. Niliahidi kwa moyo wote, kama mtu anavyoahidi akiwa mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Tulirudi nyumbani Jumatano. Duka nilikuwa nimelifunga tangu siku ya upasuaji, na nililiacha limefungwa. Simu ilikuwa ikilia, nikaigeuza kifudifudi. Nilijiambia nitawapigia mtoto akipata nguvu. Siku ya pili nilijiambia nitawaandikia ujumbe, nikaandika maneno manne nikayafuta. Kumbe hofu haikuwa imeondoka, ilikuwa imehama tu kutoka kwa mtoto wangu na kuja kwangu mwenyewe. Kila gari lililosimama nje ya geti nilichungulia.

Asubuhi ya tatu nilimpelekea kidonge kwenye kisosi, na glasi ya maji ya uvuguvugu. Alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni. Alikichukua, akakishika. Hakukimeza.

"Wale wengine umewaambia?" aliuliza.

Nilijifanya sikuelewa. Nikamhimiza ameze kwanza, saa yake inapita.

"Wateja, mathe. Daktari alikuambia mbele yangu. Umewaambia?"

Nilimwambia tutaongea hayo baadaye. Akafunga kiganja.

"Piga simu kwanza. Nitameza ukishapiga."

Nilikasirika. Nilimwambia huo si mchezo wa kuchezea mama yake, na kwamba hawa wanawake ni watu wazima waliokuja dukani kwa miguu yao wenyewe. Nikamwambia kama ni kosa, yeye ndiye aliyeiba. Alisikiliza yote, ngumi yake juu ya blanketi. Nilijaribu kuifungua kwa nguvu, na vidole vyake, ambavyo Jumamosi havikuweza kushika kikombe, vilinishinda. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa mbili, wakati wa kidonge. Hasira ikaniishia, ukabaki woga mtupu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamsihi. Nilimwambia anaweza kufa.

Akasema anajua, alikuwa huko juzi.

Nilichukua simu mezani na kuigeuza. Kulikuwa na simu nyingi ambazo sikuzipokea. Sikuchagua namba, niliibonyeza tu iliyokuwa juu kabisa. Iliita mara moja ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Buruburu, sauti ya mtu aliyelala. Alifurahi kunisikia. Alisema amenitafuta wiki nzima, duka limefungwa, na zake ziliisha juzi. Amejaribu kukaa bila, lakini tangu jana anatapika na leo ameshindwa hata kushuka kitandani. Watoto wamejipeleka shule wenyewe. Anadhani ni malaria, na kama nimefungua atamtuma mtu.

Nilimwambia asitume mtu. Nilimwambia asikate simu, anisikilize. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa ameshika glasi ya maji kwa mkono mmoja na kidonge kwenye kiganja cha mwingine, ananisubiri niseme.